Shajara ya mradi: jedwali la kupima sumu kwenye mgodi uliofungwa, kwa mfano wa Kabwe

4 Machi

Kazi imeanza rasmi, ingawa mabishano yalianza zamani. Tunatengeneza jedwali la kompyuta pamoja na mwongozo mfupi wa Kiswahili, ili afisa afya wa kata iliyo jirani na mgodi uliofungwa aweze kujibu maswali matatu bila kusubiri mtaalamu wa kukodi: sumu iko wapi, inamfikiaje mtu, na pa kuanzia kusafisha ni wapi. Bwana afya mmoja mstaafu amekubali kusoma kila tunachoandika. Sharti lake: "Mkiniletea kitabu cha kurasa mia tatu, mjue kitaishia kufungia karanga."

Mahali pa kufanyia mazoezi tumechagua Kabwe, Zambia. Watafiti wamepaandika sana, kwa hiyo takwimu zipo, na si mbali. Anayeshuka TAZARA Kapiri Mposhi akaendelea na barabara ya Lusaka lazima apite Kabwe, na madereva wa malori wanaotoka bandarini Dar wanapajua vizuri. Mji wenyewe ulizaliwa na mgodi. Mwamba wa risasi (ile metali nzito yenye sumu) na zinki uligunduliwa mwaka 1902, ukaitwa Broken Hill kwa kufananishwa na mgodi wa Australia, na reli ikafika 1906. Mwaka 1921 wachimbaji walikuta humo fuvu la binadamu wa kale ambalo mpaka leo liko London. Kuchimba na kuyeyusha kuliendelea hadi Juni 1994, na katika miaka hiyo zilitoka takriban tani laki 8 za risasi na tani milioni 1.8 za zinki. Wenye mali walibadilika, wakoloni wakaondoka, mgodi ukawa wa umma, kisha ukafungwa. Vumbi lilibaki kwa watu.

Niandike hili mapema lisije likaleta utata: sampuli za Kabwe hatuchukui sisi. Takwimu za huko ni za watafiti waliokwisha kuzichapisha. Hesabu za kwenye jedwali ndizo zetu.

9 Machi

Tumeshinda kwenye mchoro. Kila tathmini ya aina hii huanza na mchoro wa chanzo, njia na mtu anayefikiwa. Pakikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, hakuna madhara ya kuhesabu. Pipa la sumu lililozikwa kwenye zege halimdhuru mtu leo. Uwanja wa nyumba wenye vumbi la risasi unadhuru, hata kama ukiutazama huoni kitu.

Kwa Kabwe chanzo kinaonekana kirahisi: malundo ya mabaki na takataka za tanuru ndani ya eneo la mgodi, pamoja na mfereji wa kutoa maji mgodini unaopita karibu na makazi. Njia ndizo zilizotugombanisha. Upepo wa huko huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo vitongoji vilivyo magharibi, Kasanda na Makululu, ndivyo vilivyopokea moshi wa tanuru kwa miongo mingi, na ndivyo vinavyopokea vumbi sasa. Chowa nayo iko jirani kabisa na mgodi. Kiangazi cha kuanzia Mei hadi Oktoba ardhi hukauka, na mwishoni mwake upepo huinua kila kilicho chepesi.

Mwenzangu, ambaye ndiye fundi wetu wa hesabu, alitaka chanzo kiwe lundo tu. Nilimkatalia. Nusu ya kile tunachokiita chanzo kilishahama mgodini zamani, kimelala kwenye nyua, juu ya mapaa na kando ya barabara za vumbi. Ukizungushia lundo ukuta kesho asubuhi, mtoto wa Kasanda ataendelea kuchezea udongo uleule aliouchezea jana. Mwishowe tumechora vyanzo viwili, kile cha mgodini na kile cha uani, na cha uani tumekipa ukurasa wake. Nadhani huo ndio uamuzi mkubwa zaidi wa mradi huu mpaka sasa.

16 Machi

Zinki na kadimi, metali nyingine yenye sumu, zimeingia kwenye jedwali bila taabu. Kwa sumu nyingi hesabu ni nyepesi: unakadiria mtoto anameza kiasi gani kwa siku, unagawa kwa uzito wake, kisha unagawa tena kwa kipimo kinachoaminika kuwa mtu anaweza kukipata kila siku maisha yake yote bila kudhurika. Jibu likivuka 1, kuna jambo la kufuatilia.

Zinki tumeijaribu kwa udongo mbaya wa kubuni, miligramu 20,000 kwa kilo. Mtoto wa kilo 15 akimeza miligramu 100 za udongo kwa siku anapata miligramu 2 za zinki, yaani 0.13 kwa kila kilo ya mwili wake. Kipimo cha EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ni 0.3, kwa hiyo jibu ni 0.44. Kadimi tukiiweka miligramu 100 kwa kilo, jibu linafika 0.67. Halijavuka, lakini limebakiza kidogo, na hapo hatujagusa mboga zilizolimwa kwenye udongo huohuo, wakati kadimi hupenda sana kupanda kwenye majani.

Risasi ndiyo imetuvunjia utaratibu. Haina kipimo cha namna hiyo. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, iliwahi kuweka ukomo wa mikrogramu 25 (mikrogramu ni sehemu moja ya elfu ya miligramu) kwa kilo ya mwili kwa wiki, ikaufuta mwaka 2010 baada ya kuona kwamba hata ndani ya ukomo huo mtoto anaweza kupoteza pointi zisizopungua 3 za kipimo cha akili. Kwa hiyo hakuna namba ya kugawia. Inabidi kwenda mpaka kwenye damu: udongo huu utaongeza risasi kiasi gani katika damu ya mtoto huyu? Tumeitengea risasi karatasi yake ndani ya jedwali.

23 Machi

Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri. Tumechukua udongo wenye miligramu 3,000 za risasi kwa kilo, kiwango ambacho si cha ajabu kando ya mgodi wa Kabwe (watafiti wamekuta sehemu zenye zaidi ya 50,000), tukaupitisha kwa mtoto mmoja wa kufikirika wa mwaka mmoja na nusu.

Kwa mdomo: anameza miligramu 100 za udongo na vumbi kwa siku. Wala haihitaji awe mtoto anayekula udongo. Ni kiasi kinachoingia kwa vidole, kwa midoli, kwa ugali uliodondoka ukaokotwa. Ni risasi mikrogramu 300. Mwili wa mtoto, kwa makadirio ya kawaida ya EPA, unafyonza asilimia 30 ya risasi ya kwenye udongo. Zinaingia mikrogramu 90.

Kwa maji: tumeweka maji yenye risasi mikrogramu 10 kwa lita, ambao ndio ukomo wa WHO, akanywa lita moja, akafyonza nusu. Zinaingia 5.

Kwa pumzi: hewa yenye vumbi mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo, vumbi lote liwe lile la miligramu 3,000. Hiyo ni risasi mikrogramu 0.3 kwa mita ya ujazo, mara mbili ya ukomo wa Marekani, hewa ambayo pengine ingepigiwa kelele. Mtoto anavuta kama mita za ujazo 8 kwa siku, mapafu yanafyonza karibu theluthi. Inaingia mikrogramu moja, haifiki hata.

Tisini, tano, moja. Mwenzangu alizirudia hesabu akidhani amekosea desimali. Hakukosea. Watu wa maeneo haya wakiulizwa wanaogopa nini husema upepo, na wana haki, kwa sababu upepo ndio unaoleta. Lakini upepo unamdhuru mtoto pale unapotua. Vumbi likishatulia sakafuni, kwenye mkeka na kwenye sufuria iliyoanikwa kichanjani, linaingia kwa mdomo kwa wingi ambao pua haiwezi kuufikia. Barakoa kwa mtoto wa Makululu ingekuwa kazi bure. Ndoo ya maji ya kunawa na kitambaa kibichi cha kupangusia sakafu vina maana kuliko barakoa, na udongo safi uani una maana kuliko vyote.

Kwenye mwongozo tumeandika njia hizi tatu kwa mpangilio huo, na namba zake pembeni.

24 Machi

Nyongeza ya jana. Asilimia 30 si amri ya Mungu. Inategemea risasi iko katika umbo gani. Ikiwa ni galena ghafi, jiwe la salfidi ya risasi, tumbo hulimega kwa shida. Ikiwa ni serusaiti, yaani kabonati ya risasi, asidi ya tumbo huiyeyusha upesi. Kabwe ina yote mawili, pamoja na masalia ya tanuru. Tukishusha ufyonzaji hadi asilimia 10, zile 90 zinakuwa 30. Tukipandisha hadi 45, zinakuwa 135. Maabara inaweza kupima jambo hili bila kumhusisha mtoto: udongo unatikiswa kwa saa moja katika kimiminika chenye asidi kama ya tumbo, joto la mwili, kisha unapima kilichoyeyuka. Ni kipimo cha bei nafuu ukilinganisha na thamani ya jibu lake.

Na tumbo lenyewe linachangia. Mtoto aliyelala njaa hufyonza risasi zaidi kuliko aliyeshiba, na mwenye upungufu wa chuma au kalisi vivyo hivyo. Umaskini unaingia ndani ya hesabu moja kwa moja, kama kizidisho.

2 Aprili

Tumefanya mazoezi ya kuchukua sampuli kwenye uwanja wa nyumba ya mmoja wetu, mbali na mgodi wowote, ili tuandike hatua tukiwa tumezishika kwa mikono. Unakwangua sentimita mbili za juu tu, kwa sababu huko chini mtoto hafiki. Unachanganya vijiko kutoka sehemu kadhaa za uwanja: mlangoni, chini ya mwembe wanapochezea, karibu na jiko, kwenye matone ya paa. Unaanika kivulini, kisha unachekecha.

Chekecheo tunalotumia lina matundu ya mikroni 150, yaani milimita 0.15. Dada wa maabara alimimina bakuli zima la udongo, akatikisa mpaka mkono ukachoka, na chini ikapatikana kiasi cha kujaza kijiko cha chakula. Laini kama poda ya mtoto. Akachovya kidole, akakionyesha: ncha yote imekuwa ya kijivu, mistari ya ngozi imejaa. "Hii ndiyo inayoliwa," akasema. Chembe kubwa hudondoka mkononi zenyewe. Hii haidondoki, na risasi nayo hupenda kujikusanya kwenye chembe ndogo kama hizi. Anayepima udongo mzima pamoja na changarawe anapata namba ndogo isiyomhusu mtoto.

Nimepiga picha ya kidole kile. Itakaa kwenye mwongozo badala ya aya mbili nilizokuwa nimeandika.

11 Aprili

Leo ni damu. Watafiti waliopima watoto 246 wa chini ya miaka 7 katika Kasanda, Makululu na Chowa, kazi iliyochapishwa 2015, hawakupata hata mmoja aliye chini ya mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu (desilita ni sehemu ya kumi ya lita). Aliyekuwa na kiwango cha chini kabisa alikuwa na 5.4, wa juu kabisa 427.8. Uchambuzi mwingine wa 2018 uliokusanya takwimu za miaka ya nyuma ulionyesha kwamba katika vitongoji vilivyoathirika zaidi watoto zaidi ya 95 kwa 100 walivuka 10, na kama nusu walifika 45 au zaidi. WHO inasema kuanzia 5 tafuta chanzo ukiondoe, na kwa mtoto anayefika 45 inashauri dawa ya kutoa risasi mwilini.

Mwenzangu alikuwa ameshaandaa modeli ya kompyuta ya EPA, ile ya kukadiria damu ya mtoto kutokana na udongo, vumbi, maji na chakula. Ni modeli nzuri. Lakini walioitengeneza wanasema wazi kwamba ikivuka 30 isiaminiwe, maana haikujaribiwa huko. Kwa Kabwe ingekuwa nje ya mipaka yake kabla hatujamaliza kuijaza.

Tukabishana hadi jioni kama tuiache. Msimamo wangu ni huu, na nimeuandika kwenye mwongozo: pale damu ilipokwisha kupimwa na ikasema, modeli haiitwi kuthibitisha kama watu wanadhurika. Nimeona ripoti nyingi zinazotumia modeli kuomba utafiti mwingine, na utafiti mwingine kuomba modeli nyingine, wakati mtoto anakua. Kazi iliyobaki kwa modeli ni kurudi nyuma: kutoka kwenye damu tunayoitaka, kwenda kwenye udongo unaokubalika. Hapo iko ndani ya mipaka yake na inasaidia kweli.

Mwenzangu amekubali, ila ameongeza sentensi yake: mahali ambapo damu haijapimwa, modeli ndiyo pekee inayoweza kumshtua mkurugenzi wa halmashauri. Sawa.

13 Aprili

Kiwango cha kusafishia. Kiwango cha EPA cha kuamua udongo upi uchunguzwe zaidi kilikaa miligramu 400 kwa kilo kwa miaka mingi, Januari 2024 ikakishusha hadi 200 kwa viwanja vya makazi. Kwa jedwali letu, udongo wa 200 unamwingizia mtoto yule mikrogramu 6 kwa siku badala ya 90. Tumeweka 200 kuwa chaguo la kuanzia, afisa anaweza kubadili.

Swali gumu zaidi ni mpangilio. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, ambako uchakataji wa dhahabu yenye risasi majumbani uliua watoto zaidi ya 400, madaktari walishikilia kwamba uwanja usafishwe kwanza ndipo mtoto aanzishiwe dawa. Ukimtibu ukamrudisha kwenye vumbi lilelile, unamwaga maji kwenye pakacha. Na hata uwanja ukiwa safi, mifupa huendelea kurudisha risasi kwenye damu, kwa hiyo kipimo cha baada ya dawa hushuka kisha hupanda tena. Mzazi asipoelezwa mapema ataona amedanganywa.

Jambo jingine la kuandika: ukisafisha nyumba moja moja katika mtaa ambao barabara yake ni ya vumbi lilelile, lori moja la kiangazi linatosha kurudisha kila kitu. Jedwali sasa linauliza barabara kabla ya kuuliza nyumba.

20 Aprili

Kuku wa kienyeji na maziwa ya mama. Vyote viwili vimepimwa Kabwe na risasi imekutwa humo. Kuku anadonoa udongo kutwa nzima, na maini na figo ndiko sumu inakokaa. Ushauri wetu ni mfupi, nyama sawa lakini maini, firigisi na figo za kuku wa eneo hilo wasipewe watoto. Kuhusu maziwa tumekuwa waangalifu zaidi. Ushauri wa Marekani ni kwamba mama aendelee kunyonyesha isipokuwa risasi katika damu yake ikifika mikrogramu 40 kwa desilita, na tumeuchukua kama ulivyo. Kumkataza mama kunyonyesha halafu akakoroga maziwa ya unga kwa maji asiyoyajua ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine.

27 Aprili

Rasimu imerudi kutoka kwa bwana afya, imejaa wino mwekundu. Tulimpigia. Shikamoo zikapita, akaingia moja kwa moja.

"Wanangu, mtoto wenu huyu wa kwenye jedwali anakaa nyumba ya nani? Haina mtu anayefagia?"

Alikuwa na maana hii. Kila asubuhi, karibu kila nyumba, mtu anainama na fagio la chelewa na kuukwangua uwanja mpaka ubaki na mistari. Ni ustaarabu, uwanja usiofagiwa ni aibu. Kwenye udongo wenye risasi ndiyo saa mbaya kuliko zote: vumbi laini linainuliwa, watoto wako palepale wakisubiri chai, vyombo viko wazi. Miongozo ya Wamarekani haina mstari wa fagio kwa sababu nyumba zao zina nyasi. Pendekezo lake: nyunyiza maji kwanza, fagia watoto wakiwa ndani, vyombo vifunikwe. Limeingia kama alivyolisema.

Kisha akauliza habari ya wajawazito na udongo wa kula, vile vijiti vinavyouzwa sokoni. Fundi wetu akafanya hesabu hapohapo, simu ikiwa hewani. Mama anayekula gramu 30 kwa siku za udongo wa kawaida kabisa, wenye risasi miligramu 20 tu kwa kilo, anameza mikrogramu 600. Mara mbili ya mtoto wetu wa kwenye uwanja wa 3,000. Mtu mzima hufyonza kidogo kuliko mtoto, tuseme asilimia 12, lakini bado ni 72 kwa siku, na risasi huvuka kondo hadi kwa mtoto aliye tumboni. Udongo huo ukichimbwa karibu na mgodi, hesabu haina haja ya kumaliziwa. Ni kweli baadhi ya udongo wa mfinyanzi hushika madini yasiyeyuke yote, ndiyo maana namba hii ni ya tahadhari.

"Na muulize kwa adabu," akasema bwana afya. "Mkimuuliza mwanamke 'unakula udongo?' mbele ya mama mkwe, atakataa. Muulizaji awe mwanamke, na amuulize anaupata wapi, siyo kama anakula."

4 Mei

Ukurasa wa kwanza wa jedwali umebadilika. Ulikuwa wa kuingiza matokeo ya maabara. Sasa ni maswali ya nyumbani: mtoto anachezea wapi, sakafu ni ya nini, nani anafagia na saa ngapi, baba anarudi na nguo za kazi kutoka kwenye lundo, maji ya kunawa yanatoka wapi, udongo wa kula unanunuliwa wapi. Maabara imehamia ukurasa wa pili.

Seli ya udongo wa kula nilikuta imejazwa sifuri, kama programu inavyopenda kufanya. Tumeifuta. Sasa ikiachwa tupu, jedwali zima linakataa kutoa jibu mpaka afisa arudi kuuliza. Fundi analalamika kwamba watumiaji watakasirika, na kuna anayetaka tuweke kitufe cha kuruka. Hakitawekwa kabla ya majaribio ya Juni.